Kwa Nini Emanuel Hakuja Kahama

Kijiji cha Idete,
Kilombero, Morogoro.
18 Agosti 2024

Mpendwa kaka Kelestini,

Shikamoo kaka. Pokea salamu kutoka huku nyumbani, salamu za mtu aliyekaa na kalamu tangu tulipotoka misa ya kwanza, na karatasi mbili ameshazichana. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia kupiga randa kutwa nzima kunakukata kiuno, na wifi Rosemery anakukanda kwa maji ya moto. Natumaini umepata nafuu, na yeye miguu yake imeacha kuvimba. Na Martin je, bado anakataa kula mboga? Mwambie shangazi yake anamsubiri huku na matembele ya bonde zima.

Sisi tunapumua. Mama anakusalimu sana. Jicho lake la kulia lilitolewa mtoto wa jicho mwezi uliopita, na sasa anaona mpaka kuku wa jirani. Siku bandeji ilipofunguliwa alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe Agnella una mvi." Tulicheka mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini.

Mpunga haukuwa mbaya wala mzuri. Mafuriko ya mwezi wa nne yalibeba shamba la chini lote, lile la karibu na mto. La juu limetupa cha kula, na kidogo cha kuuza. Samaki wa kitoga ndio wamejaa, maana maji yalipopungua walibaki kwenye madimbwi, hata watoto walikuwa wanavua kwa vikapu.

Aurelia, binti wa mama mdogo, yule anayekaa Ifakara mjini, amejifungua mtoto wa kike salama. Wamempa jina la mama yetu, Serafina. Mama amejidai kwa jambo hilo wiki nzima.

Sasa kaka, nije kwenye neno lenyewe. Tangu mwezi wa tano hupokei simu yangu. Wifi ananijibu kwa upole, ananiambia umetoka, lakini nyuma yake nasikia nyundo yako. Sikulaumu. Ulikwenda stendi ya Kahama kumpokea mpwa wako Emanuel, ukasimama pale mpaka basi la mwisho, na kijana hakushuka. Wala mimi sikukupigia siku ile kukueleza. Ulitoa nyumba yako na jina lako kumficha mtoto wa marehemu shemeji yako, na mimi nikakuacha umesimama stendi. Mtu yeyote angekasirika. Ndiyo maana naandika, kwa sababu habari hii haisemeki kwa simu inayokatikakatika, na nataka uisikie kutoka kwangu mwanzo mpaka mwisho.

Kwanza nikwambie Anold ni nani, maana kwenye simu ya shemeji Gasper najua alikuwa "Msukuma mmoja" tu. Shemeji ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, namheshimu, lakini siku ile hakuuliza hata jina. Anaitwa Anold Nkwabi. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka huko huko ulipo wewe, kabla yeye hajazaliwa. Kitovu chake kimezikwa humu bondeni, kama changu na chako. Anakaa ng'ambo ya mashamba, karibu na dada yake Ester, ambaye ameolewa hapo hapo kwao na ana binti wa miaka minne anayeitwa Happyness.

Unakumbuka zile habari za watu wanaoteka watoto. Najua hata huko zilifika. Hapa kila simu ilikuwa nazo: mara gari jeusi, mara mwanamke mwenye pipi, mara sauti ya mtu analia anasema mwanawe amechukuliwa. Nilimuuliza kila aliyenionyesha, mtoto gani, wa nani, wa kitongoji kipi? Hakuna aliyenitajia jina. Lakini nami niliogopa, kaka, nisikudanganye. Wazazi tulianza kuwasindikiza watoto shule, na vijana wetu tukawaambia wawe macho. Emanuel alilichukua jambo hilo kwa moyo wote. Alikuwa anawavusha watoto wa jirani barabarani jioni, hakuna aliyemtuma.

Siku yenyewe tulikuwa mashineni kwa Raimundi kukoboa. Mimi nilikuwa ndani nimeshika gunia kwenye mdomo wa mashine, kelele imenijaa masikioni, kwa hiyo mwanzo sikuusikia. Mwanzo niliambiwa na Merina, yule mama lishe anayechoma chapati pale nje.

Happyness alikuwa na malaria, na mchana ule alishikwa na degedege. Baba yake alikuwa mbali na ng'ombe. Ester ana kichanga, hawezi kupanda baiskeli. Ndipo Anold akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya dada yake, akapanda baiskeli kumkimbiza zahanati, na Ester akafuata nyuma kwa miguu. Walipofika njia panda ya mashine mtoto alizinduka, akaona barabara asiyoijua, akaanza kulia anamtaka mama yake. Mtu mmoja akamuuliza Anold, "Mtoto wa nani huyo?" Akajibu wa dada yangu, bila kusimama.

Hilo tu ndilo kosa lake, kwamba hakusimama. Sauti ikatoka kwenye kundi: "Mwizi wa watoto! Mshikeni!"

Mashine ikazimwa. Ukimya ule ndio ulionitoa nje, pumba zimenijaa nywele. Niliona watu wengi wamezunguka kitu chini. Kisha nikaona shati la kijani, lile ulilomletea Emanuel Krismasi, kabla sijaona uso wa mwenye kulivaa. Yeye ndiye aliyeshika kiti cha nyuma cha baiskeli na kuivuta, wakaanguka wote, na mkono wa Anold ukavunjika chini yake kwa sababu alikuwa anazuia mtoto asigonge barabara. Halafu mwanangu akaokota mpini wa jembe.

Niliita jina lake lote, la ubatizo na la baba yake, kama ninavyomwita akiwa ameharibu kitu. Akageuka. Kaka, uso ule sitausahau. Haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtoto aliyefanya jambo jema, anamtafuta mama yake kwa macho ili amsifu.

Wakati huo huo Merina alikuwa amemnyakua Happyness akamweka kifuani, akapiga kelele kuliko wote, "Mtoto anaungua moto huyu! Mnampiga mtu na mgonjwa wake anakufa!" Hakusubiri jibu. Alipanda bodaboda ya kwanza iliyokuwepo na mikono yake bado ina unga, wakaondoka naye zahanati. Kama mtoto yule yu hai leo, baada ya Mungu ni Merina.

Watu walianza kusitasita, lakini miguu ilikuwa bado inarushwa. Hapo Ester akatokea, anakimbia, kichanga mgongoni. Alijitupa chini akamfunika kaka yake kwa mwili wake, huku ameinua mgongo kidogo ili mtoto asipigwe. Alikuwa anasema neno moja tu. "Kaka yangu. Kaka yangu. Kaka yangu."

Sijui kama unaweza kuelewa nilivyosikia neno hilo, mimi ninayekuita wewe hivyo hivyo.

Pale mashineni palibaki patupu mara moja. Magunia yalibaki, wenyewe hawakuonekana. Polisi walipokuja kutoka mjini kila mtu alikuwa shambani, kila mtu alikuwa msibani, hakuna aliyekuwepo. Jina la Emanuel halikutajwa. Shemeji Gasper akaja nyumbani, akakupigia wewe mbele yangu, ukasema, "Mleteni kwangu, huku hakuna atakayemjua." Nililia kwa shukrani. Nilifunga begi la mwanangu kwa mikono yangu, na tiketi nikakata.

Tulikwenda Ifakara mjini tulale kwa Aurelia ili asubuhi apande basi. Mchana ule Emanuel alikaa kwenye kibaraza juu ya begi lake, hataki kula. Mimi nikawa situlii. Aurelia alishasikia kwamba Anold na yule mtoto wamelazwa hospitali, kila mmoja wodi yake. Nilipika uji wa ulezi, nikautia kwenye chupa, nikamwambia Emanuel naenda sokoni. Sikujua nakwenda kufanya nini hospitali. Nilitaka tu kujua kama wapo hai kabla mwanangu hajaondoka.

Nilimkuta Ester kitandani kwa kaka yake, anamfuta uso. Mkono wa Anold ulikuwa umefungwa hogo la plasta mpaka juu ya kiwiko, na jicho moja halionekani. Nilisalimia, nikamimina uji. Ester alinisogezea kigoda.

"Umetumwa na jumuiya ya kanisa, mama?"

"Hapana mwanangu, nimekuja mwenyewe. Mtoto je?"

"Ameamka. Amekula ndizi." Kisha akasema, "Mungu akubariki. Kutoka Idete hajaja hata mtu mmoja."

Anold alikuwa anakunywa kwa mkono wa kushoto, polepole, mdomo umevimba. Nikamtazama dada yule anavyoshikilia kikombe kwa chini ili kisimwagike. Nikashindwa kukaa na baraka zake.

Nikasema, "Mimi ni mama wa kijana aliyeivuta baiskeli."

Ester hakupiga kelele. Alikichukua kikombe kutoka mdomoni mwa kaka yake, kikiwa nusu, akakiweka chini karibu na miguu yangu. "Chukua uji wako, mama."

Nilisimama. Lakini Anold akaniita. Sauti yake ilikuwa ndogo, ilibidi niiname.

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Ana nguvu." Akapumzika kidogo. "Nilimwambia ni mtoto wa dada yangu. Nilimwambia yeye mwenyewe, alikuwa karibu kama ulivyo wewe. Hakunisikia?"

Nikamjibu, "Nitamuuliza."

Neno hilo ndilo lililokatisha safari ya Kahama, kaka. Sikufanya hesabu, wala sikutafakari sheria. Nilikuwa nimeahidi kumuuliza, na mwenye jibu alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha Aurelia juu ya begi.

Niliporudi nilikaa chini sakafuni karibu naye. Nikamuuliza, "Yule mtu alikwambia mtoto ni wa dada yake?"

Aliinama akashika mkanda wa begi. "Alisema."

"Ulisikia?"

"Nilisikia, mama. Nilidhani anadanganya. Wote walikuwa wanasema anadanganya. Wote walipiga."

"Hao wote sikuwazaa mimi. Nilikuzaa wewe."

Alianza kulia. "Mama, mimi nilidhani naokoa mtoto."

"Najua, baba," nikamwambia. "Najua. Nilikuona usoni."

Nikamshika kichwa kama alipokuwa mdogo. Ni kweli, kaka, alidhani anaokoa mtoto, na nisingependa awe kijana wa kupita mtoto analia bila kugeuka. Lakini tulimfundisha kuogopa na hatukumfundisha kuuliza. Ningemleta kwako angelala salama, angejifunza useremala, na swali la Anold lingebaki bila kujibiwa mpaka anaoa, mpaka anazaa. Nilimwogopa mtu ambaye angekua juu ya swali lile.

Asubuhi basi liliondoka bila yeye. Tulikwenda hospitali kwanza. Ester alitoka nje tulipoingia. Emanuel alisimama mbele ya kitanda akasema, "Nilikusikia." Anold alifumba jicho lake zima, akatikisa kichwa, tukatoka. Kutoka pale tukaenda polisi, kwenye dawati la watoto. Aliandikisha maelezo yake mwenyewe. Wengine hakuwataja. Alisema, "Nasema langu," na sikumlazimisha.

Walimweka ndani kabla ya dhamana. Sitakuandikia usiku ule ulivyokuwa kwangu. Wewe ni mzazi.

Kijijini sikupokelewa vizuri. Shemeji Gasper alisema nimeuza damu ya mdogo wake, na mpaka leo akija kumsalimu mama hukaa upande wa pili wa nyumba. Kwaya walinipokonya nafasi ya kuongoza sauti ya pili bila kusema sababu. Rafiki mmoja wa Emanuel, aliyepiga naye siku ile, alikimbizwa Masagati kwa ndugu zao, mpaka sasa hajarudi, na mama yake ananipita njiani kana kwamba mimi ni nguzo ya umeme. Namwonea huruma zaidi ya kumkasirikia. Mwanawe yuko salama, lakini kila gari likisimama kijijini anatoka mlangoni kutazama nani kashuka.

Wengine walisema nimependelea wafugaji. Unajua mambo ya huku. Ng'ombe wakiingia kwenye mpunga, mkulima analia, na ana haki ya kulia, mimi pia nimeliwa shamba zaidi ya mara moja. Wafugaji nao wakifukuzwa huku na kule wanalia, nao wana haki yao. Lakini ugomvi wa shamba una mahali pake na wenye shamba. Siku ile hapakuwa na ng'ombe barabarani. Palikuwa na mtoto mgonjwa. Mama alisema neno akiwa amefumba macho yake mabovu, kabla hajatolewa mtoto wa jicho: "Sisi tulikua tunaogopa mamba. Ninyi mnaogopana."

Mwezi wa sita mwanzoni alikuja mgeni nyumbani, mzee mrefu mwenye fimbo. Alikuwa baba yake Anold, Mzee Nkwabi. Nilidhani amekuja kudai, nikawa nimejiandaa kwa lolote. Alikula wali wangu, akamsifu mama kwa kitoga, kisha akamwambia Emanuel, "Mkono wa mwanangu haukamui. Wako unakamua?" Emanuel akasema hajawahi kukamua ng'ombe. Mzee akasema, "Ng'ombe watakufundisha wenyewe."

Basi kaka, ungemwona mpwa wako. Mvuvi na mkulima wa mpunga, mtoto wa Kindamba, anaamka alfajiri kwenda kupigwa mateke na ng'ombe. Siku ya kwanza alirudi na alama ya kwato kwenye paja na maziwa yote kwenye suruali. Nilicheka, Mungu anisamehe, na yeye akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Sasa anakamua vizuri, anawapeleka kunywa maji, na akiingia kwao anasalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kama mtu aliyezaliwa huko ulipo. Hakuna aliyemwambia aache wala aendelee. Anakwenda tu.

Ester hamjibu salamu. Chakula anampakulia, anakiweka chini, anaondoka. Emanuel alinilalamikia siku moja. Nikamwambia salamu ni mali yake, atakapotaka kuitoa ataitoa, na asipotaka pia ni haki yake.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa saba, kwa faragha kwa sababu ya umri wake. Kosa lilisomwa, akakiri. Afisa ustawi wa jamii alieleza habari zake na za kwenda kule kwenye ng'ombe. Hakimu, mama mmoja mpole lakini mwenye kumtazama mtu kwa makini, alimuuliza Anold kama ana la kusema. Anold alisimama. Hogo lilikuwa limetolewa, vidole viwili havikunjiki vizuri.

Alisema, "Sitaki afungwe. Mkono utapona au hautapona, ni wangu. Lakini mimi mpaka leo nikipita njia panda watu wananyamaza, na akina mama wanavuta watoto wao. Wengi hawakusikia mwisho wa ile habari. Walisikia mwizi. Nataka asimame pale pale aseme mimi si mwizi."

Kaka, sote tulikuwa tumekaa tunafikiria jela na hospitali. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiri kwamba mtu yule alikuwa anatembea kijijini bila jina lake.

Hakimu alimwachia Emanuel kwa masharti, chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii, na ombi la Anold likakubaliwa. Mwenyekiti wa kitongoji akatangaza siku.

Ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita. Nilidhani watu hawatakuja. Walikuja wengi, kila mmoja na kiroba cha mpunga kichwani kana kwamba amekuja kukoboa tu. Raimundi alizima mashine. Merina aliacha chapati zake. Anold alisimama karibu na mlango, na Ester nyuma kabisa, upande wa barabara, Happyness ameshika nguo yake. Yule mtoto amepona, anakimbiza ndama kutwa, ila akiona watu wengi hujificha.

Emanuel alisogea mbele ya watu. Akasema, "Naitwa Emanuel, wa hapa Idete, mnanijua. Huyu ni Anold Nkwabi. Alikuwa anampeleka mtoto wa dada yake zahanati. Aliniambia, nikamsikia, sikumwamini. Nilimwangusha nikampiga. Hakuiba mtoto. Si mwizi."

Mtu mmoja alijitwika kiroba chake akaondoka, na mwingine. Nikahofu wote wataondoka hivyo hivyo na jambo litaishia hapo.

Ndipo Ester akasema kutoka kule nyuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sema tena. Sisi wa nyuma hatujasikia."

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia mwanangu tangu siku ile.

Emanuel akavuta pumzi, akasema tena, yote, tangu jina lake. Safari hii sauti yake ilifika mpaka barabarani. Walioanza kuondoka walisimama barabarani na viroba vyao kichwani. Alipomaliza, Raimundi alijifuta pumba usoni kwa mikono miwili, akasema, "Na ile sauti ya kwanza iliyosema mwizi ilikuwa yangu." Mzee mzima yule, na wajukuu wake wapo pale. Anold akamtazama, kisha akamsogelea Merina, akamwomba chapati. Alipewa mbili, akakataa kubaki na ya pili, akampelekea Happyness.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, kaka, na hivyo ndivyo ilivyo. Haijaisha. Vidole vya Anold bado havikunjiki. Ester bado hajibu salamu. Shemeji Gasper bado anakaa upande wa pili wa nyumba. Lakini mwanangu analala usingizi, na nyumbani kwangu hakuna kitu ambacho hatuwezi kukitaja.

Naomba msamaha kwa ile siku ya stendi. Nilipaswa kukupigia na niliogopa ungenishinda kwa maneno, maana tangu utoto hujawahi kushindwa. Sikukataa nyumba yako. Najua ulivyoitoa. Ukimpenda Emanuel kama ninavyojua unampenda, njoo mwisho wa mwaka umwone. Atakukamulia maziwa.

Nimekufungia kitoga wa kukaushwa na mchele wa shamba la juu. Vyote pamoja na barua hii atakukabidhi mzee mrefu mwenye fimbo. Ndiye Mzee Nkwabi, baba yake Anold. Anakwenda Kahama kwenye msiba wa ndugu yake. Aliposikia nina kaka huko akasema, "Andika, nitampelekea mwenyewe, nataka nimjue mjomba wa kijana." Sikumwambia kwamba ulitaka kumficha Emanuel. Hilo nimekuachia wewe. Mkaribishe ndani, kaka. Ametoka mbali, na magoti yanamsumbua kama wewe mgongo.

Nisalimie wifi Rosemery, mwambie simu zake zilinibeba miezi yote hii. Nibusie Martin. Mama anasema jicho lake jipya linakusubiri wewe, maana la zamani lilikuona mara ya mwisho ukiwa kama ukungu. Aurelia na Serafina mdogo wanawasalimu. Emanuel anasema shikamoo mjomba, na amesimama hapa mlangoni anajifanya hasomi.

Mungu aulinde mkono wako unaofanya kazi, na nyumba yako iwe na nafasi kwa kila anayebisha.

Ni mimi mdogo wako, nisiyeacha kukupenda hata usipopokea simu,

Agnella